Mama Gari

Hapa Ilomba tunapoishi, mwanamke akiolewa anasubiriwa apate mtoto ndipo apewe jina. Mama wa huyu, mama wa yule. Mimi walinisubiri, wakachoka, wakaniita Mama Gari. Walianza wauza mboga wa pale njia panda, kwa utani tu, halafu jina likapanda hadi kanisani, na siku moja mchungaji mwenyewe, mtu mzima na heshima zake, akaniita hivyo mbele ya kwaya nzima ya akina mama. Nilicheka. Ungefanyaje? Nilicheka, nikarudi nyumbani, nikaingia ndani ya gari lenyewe, nikafunga milango yote miwili na kulia mpaka pua zikaziba.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la zamani, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane, usukani kushoto, na paa la turubai linalokunjwa likalala nyuma ya siti. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja enzi zile kujenga barabara kuu ya kwenda Zambia ndiye aliyelileta, na alipoondoka aliliacha kwenye shamba moja huko Iringa. Mume wangu ana gereji. Mwaka wa pili wa ndoa yetu aliitwa kwenye shamba hilo kufufua trekta. Trekta likafufuka, mwenye shamba akamuuliza anataka nini, na pale ambapo fundi mwingine angeomba hela au mbuzi, yeye akanyoosha kidole kwenye banda la kuku. Kuku walikuwa wanatagia siti ya nyuma. Gari lilifika Ilomba juu ya lori la mbao, na majirani walitoka kutupa pole, maana walidhani tumepata ajali.

Sitasema nililipenda. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, hasira zangu ziko karibu, na miaka ile ya kwanza nililitukana gari lile kwa Kiswahili na kwa Kihehe. Lakini mume wangu alikuwa hatulii. Alikata sakafu iliyooza akaweka bati jipya, akafungua injini nati kwa nati, akaagiza vipuri Marekani kwa simu, vikaja kimoja kimoja kama mahindi ya kudonoa. Mimi ni fundi cherehani, basi nikajikuta na mimi nimo. Paa lile nililishona mimi, nikiweka kipande cha zamani chini na turubai jipya juu, nikifuata kila mshono. Siti nilizishona mimi. Likapigwa rangi nyekundu ileile lililotoka nayo kiwandani, na siku lilipounguruma kwa mara ya kwanza, vioo vya dirisha la sebuleni vilitikisika, na mume wangu alinibeba juu juu mbele za watu. Hajawahi kunibeba kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

Vitu ambavyo hakuvigusa kabisa ni vioo na taa. Vyote vilikuwa vya siku gari lilipotengenezwa, na pamoja na kokoto na mashimo ya barabara zetu, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Kwenye pembe ya kila kioo kulikuwa na alama ndogo ya kiwanda. Mume wangu alikuwa akivifuta kwa kitambaa laini, amebana pumzi, na ole wako upite na ndoo karibu. Alisema wanaokusanya magari ya namna hii duniani huanza kutazama hapo.

Sasa niseme la mtoto. Tulizunguka hospitali mpaka tukachoka, na mwisho daktari wa Dar es Salaam akatuweka chini akatueleza. Mimi sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwa mume wangu, mbegu zake ni chache na hazina nguvu. Akasema njia ipo, ya kupandikiza, wanalichukua yai langu wanalikutanisha na mbegu kwenye maabara kisha wanalirudisha, ila tusikae sana, kwa sababu mimi nilikuwa naikaribia arobaini na yai halimsubiri mtu. Tukatoka pale tukakaa kwenye benchi la nje. Mume wangu akaniomba kitu kimoja tu: mama yake asijue. Nikamwahidi.

Ahadi ile nimeilipa mimi. Mama mkwe anaishi na sisi tangu alipofiwa na mumewe kule Rujewa. Siyo mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana angekuwa mbaya ningejua pa kuweka hasira zangu. Kila msimu analeta mchele wake wa Usangu, ananipikia nikiumwa, ananiita mwanangu. Lakini aliamini shida ni yangu. Alikuwa ananichemshia mizizi, michungu hiyo, Mungu wangu, na ananisimamia mpaka nimalize kikombe. Nilikuwa naimeza nikimtazama mwanawe kule mezani anakula wali wake kwa utulivu, nikijua kabisa nani alistahili kunywa. Siku nyingine anamwita mwanawe pembeni anamwambia kuna binti mzuri Rujewa, mchapakazi, na kwamba mimi nisiachwe, hapana, nibaki tu kama dada. Ukuta wetu ni mwembamba. Niliyasikia yote.

Tulikuwa hatuna cha kuuza zaidi ya gari. Mume wangu ndiye aliyelisema. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, amenipa mgongo, akasema, "Tuuze gari, twende Dar." Nikachukua jagi, nikammiminia maji ya kusuuza.

Aliweka picha mtandaoni, na akajitokeza mzee mmoja wa Arusha, mkusanyaji wa magari ya kale. Mzee alikuwa na macho kwenye magari mawili, letu na lingine la aina hiyohiyo lililoko Nairobi. La Nairobi lilikuwa limebadilishwa vioo. Alimwambia mume wangu kwenye simu, nikiwa nasikiliza, kwamba kama vioo vyetu ni vile anavyoviona pichani, Nairobi haendi. Alikuwa anakuja Iringa kwa matembezi ya mbugani, akataka tulipeleke huko kwa magurudumu yake yenyewe ili aone linavyohimili safari. Mama mkwe tulimwambia tunauza ili tujenge nyumba.

Ikabaki siku moja kabla ya safari. Mume wangu alikwenda kuchukua mafuta ya injini mjini, mimi nikaenda kusuka. Tuliporudi, tulimkuta Mama amesimama mlangoni pa gereji amevaa kitenge chake cha kanisani, uso umejaa furaha. Ameshapika. Ndani ya gereji kulikuwa na vumbi jeupe jembamba juu ya boneti.

"Nimewamalizia kazi," akasema. "Mlikuwa mnakwenda na gari tupu hivyo, wezi wa Makambako wangewaachia usukani tu."

Kila anayekaa huku anajua. Ukinunua gari, kabla hujalipeleka hata nyumbani, unamwita kijana mwenye kimashine akuchongee namba ya gari kwenye kila kioo, kwenye saitimira za pembeni, kwenye taa za mbele na za nyuma, ili mwizi akiiba akose pa kuuza. Gari lisilochongwa ni gari la mtu asiyejali mali yake. Mama alikuwa amelitazama gari letu miaka yote hiyo bila namba, na roho ilikuwa inamuuma kimyakimya. Sasa kuna mtu anataka kununua, ataona vioo vitupu, atadhani mwanawe ni mzembe. Basi akamwita mchongaji, akampa hela yake mwenyewe ya mchele, akamsimamia. Kioo cha mbele, vioo vya milango, taa zote, saitimira zile za kung'aa. Na kwa kuwa mchongaji alimwona ni mama mzee na mkarimu, akamwongezea na bampa bure.

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, yaliyokuwa yanakuja yangemwondoa Mama yule Ilomba jioni ileile. Lakini mume wangu alishaufikia mlango wa gari. Alipitisha ukucha juu ya kioo cha mbele, kwenye zile tarakimu, taratibu, akarudia tena. Ukucha ulikwama. Akageuka akamtazama mama yake.

"Asante, Mama," akasema.

"Asante ya nini, mwanangu, si ni kazi ya nyumbani? Njooni mle, wali unapoa."

Tulikula. Nakumbuka nilikula sana, nikiwa sisikii ladha ya chochote.

Asubuhi nilimwambia mume wangu asilioshe gari. "Liende na vumbi lake," nikasema, "mzee wa watu ana miaka yake, huenda macho yake ni mabovu. Akiona injini na paa, atapenda, atalipa, ataondoka." Mume wangu akaendelea kumwaga maji. Nikamwambia kwa heshima zote za ndoa kwamba ana kichwa kigumu kama injini yake. Akasema mzee alimwamini kwenye simu, naye hawezi kumfichia kwa matope. Nikatupa kitambaa chini. Halafu nikakiokota nikamsaidia, ningefanya nini?

Mama naye alitaka kwenda. Hajawahi kupanda gari lile zaidi ya kuzunguka mtaa, na kesho lingekuwa la mtu mwingine. Akakaa nyuma katikati, kitenge kichwani, mkoba mapajani. Tulikunja paa kwa sababu yake. Njia nzima watu walikuwa wanatushangilia. Uyole bodaboda walitusindikiza wakipiga honi, Chimala watoto wa shule walikimbia pembeni, na karibu na Igawa trafiki alitusimamisha, kumbe anataka kupiga picha. Mama alikuwa anapunga mkono kama aliyechaguliwa ubunge. Mimi nilikaa mbele, na namba ile imeandikwa kwenye kioo mbele ya macho yangu, na nyuma ya namba ile Tanzania yote inapita. Nilikuwa naomba. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu, Yesu, mpofushe mzee yule kwa saa moja, halafu umrudishie.

Makambako upepo ulikuwa wa baridi kali, tukarudisha paa. Tulifika Iringa mchana, kwenye bustani ya nyumba ya wageni alikofikia.

Mzee alikuwa mpole, kofia mkononi, shati limepigwa pasi. Alimwamkia Mama kwanza. Kisha akalizunguka gari. Alipofika kwenye paa alilipitishia kiganja, akainama kuangalia mshono, akauliza nani ameshona. Nikasema mimi. Akasema hajaona mshono safi namna ile hata kwenye magari yaliyoshonewa Ulaya. Nikaanza kuamini. Mume wangu akawasha injini, mzee akafumba macho akasikiliza, akatabasamu. Akafumbua macho. Akatoa miwani mfukoni.

"Hii ni nini?" akauliza.

Alikuwa kwenye kioo cha mbele. Akaenda kwenye kioo cha mlango, akaenda kwenye taa, akachuchumaa kwenye bampa. Alichuchumaa pale muda mrefu mpaka nikaona aibu kama niliyevuliwa nguo.

Kabla mume wangu hajafungua mdomo, Mama akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Ni mimi, baba. Nimekuchongea zote, hutasumbuka tena. Hata ukiliacha sokoni, hakuna atakayeligusa."

Mzee akasimama. Akamtazama Mama, na nadhani aliielewa habari yote pale pale, maana akaweka mkono kifuani. "Umefanya vizuri, Mama," akamwambia. Kisha akamshika mume wangu bega wakaenda pembeni kwenye maua. Sikuhitaji kusikia. Niliona mume wangu anaitikia kwa kichwa, ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama mwanafunzi. Vioo vile havipatikani popote, mzee alimwambia, na kama ni kununua gari la vioo vya kubadilisha, basi la Nairobi liko karibu na kwake.

Mzee alipoelekea chumbani kwake, nikamfuata. Sijui nilikuwa nataka kumwambia nini. Nilimfikia kwenye ngazi, nikapiga magoti kwenye saruji. Kwetu tunapiga magoti kumsalimia mkubwa, ni heshima ya kawaida, lakini mimi sikuwa nasalimia na yeye alilijua hilo.

"Simama, mama," akasema. "Simama, tafadhali."

"Mzee, nakuomba. Chukua kwa bei yoyote utakayosema wewe."

"Siwezi, mama. Lingekuwa la kuendesha tu ningelichukua. Ninalotafuta siyo hilo."

"Siyo gari, mzee," nikasema. "Ni mtoto. Tunauza kwa ajili ya mtoto."

Uso wake ukabadilika kabisa. Akainama karibu yangu. "Mtoto anaumwa nini?"

Nilimtazama yule mzee. Ningemwambia mtoto haumwi, kwamba hajaanza hata kuwepo, kwamba ninachokiuza ni kitu ninachokiona ili nikanunue kitu ambacho labda hakitakuja? Machozi yakaanza kunitoka. Basi akadhani ni ugonjwa mbaya, usiotajika. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti alizokuwa nazo bila kuzitazama, akanikunjia kwenye kiganja. "Mnunulie dawa," akasema. "Mungu atamponya." Akaingia ndani, na mimi nikabaki na hela ya dawa ya mtoto wangu mkononi.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameshuka kutafuta choo.

Hakuuliza pale. Tuliondoka, tukapita Mafinga. Mume wangu alikuwa anaendesha taratibu sana. Tulipoingia kwenye misitu ya misonobari, sauti ya Mama ikatoka nyuma.

"Yule mzee amekupa hela ya mtoto. Mtoto gani?"

Niliahidi, na ingawa ahadi ile ilikuwa imeninyonga miaka na miaka, nikabana meno nikanyamaza.

"Nakuuliza, mwanangu. Mnauza gari kwa ajili ya mtoto. Una mtoto mahali? Au huyu mume wako ana mtoto nje na mmenificha?"

Mume wangu akawasha indiketa, ingawa nyuma yetu hapakuwa na gari lolote. Akaingiza gari pembeni, akazima injini. Alishika usukani kwa mikono miwili na akaongea akitazama mbele.

"Mama, ni mimi. Shida ni yangu. Siyo yake, haikuwa yake hata siku moja. Hospitali walisema mimi siwezi kuzalisha bila kusaidiwa. Kuna msaada Dar, wa kupandikiza. Ndiyo tulikuwa tunauzia gari."

Nilikuwa sijageuka, siwezi kusema uso wa Mama ulikuwaje. Nilisikia tu mkoba wake unafunguliwa na kufungwa, unafunguliwa na kufungwa.

"Na ile mizizi," akasema mwishoni. "Ulikuwa unainywa."

"Nilikuwa nainywa, Mama," nikasema.

"Mungu wangu. Mungu wangu mimi." Akavuta pumzi. "Sasa kama ni hivyo, yule mzee si angenunua? Gari si zuri? Si alilipenda? Mbona amekataa?"

Tangu jana yake jioni nilikuwa nalisubiri swali lile. Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa, lina makali kote kote, na sasa alikuwa ameliomba mwenyewe. Nikageuka nimpe. Nikamwona amekaa katikati ya kile kiti kikubwa, mdogo, kitenge kimeteleza kichwani, anatusubiri sisi tumwambie. Sikuweza. Mume wangu naye hakuweza. Nikaona macho ya Mama yanatoka kwangu, yanakwenda kwa mwanawe, halafu yanapita katikati yetu hadi kwenye kioo cha mbele.

Alikuwa hajui kusoma sana, lakini tarakimu anazijua.

Alishuka. Kwenye gari la milango miwili mtu wa nyuma hatoki kirahisi, ilibidi mimi nishuke kwanza nimpishe, nikampa mkono, akaukataa. Akazunguka akasimama mbele ya kioo. Akashika ncha ya kitenge chake, akailowesha kwa mate, kama unavyofanya ukitaka kumpangusa mtoto uso kabla hajaingia kanisani, akaanza kusugua namba. Alisugua kwa mkono mmoja, akaweka na wa pili. Malori yalikuwa yanapita yanatupigia honi kwa furaha, kwa sababu ya gari. Alilowesha tena, akasugua, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, akarudi tena.

"Inatoka," alisema, bila kututazama. "Njooni muone. Inaanza kutoka."

Mume wangu alikuwa bado ameshika usukani, upande wa pili wa kioo, uso wake uko nyuma ya namba ile. Nilienda nikasimama kando ya Mama. Niliangalia kioo.

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Inatoka."